Sanduku Namba Sita

Siku yangu ya mwisho kazini nilirudisha funguo mbili, tochi ya kichwani, glavu za mpira zilizotoboka kidole kimoja, na ndoo ya plastiki iliyochorwa fuvu kwa rangi nyekundu. Karani alipokea vyote akaandika kwenye daftari lake, isipokuwa ndoo. Akaniambia, "Papa Deo, hiyo uende nayo tu." Hakuna mtu anayetaka ndoo ile karibu na meza yake. Sasa iko nyuma ya nyumba yangu, imegeuzwa na kuwekewa jiwe juu, na mke wangu amekataa hata kuijaza udongo apande maua.

Ninyi mliobaki mliniomba niandike ninachokijua kuhusu panya, kwa kuwa nimewafuata miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote pale depo, kwenye ghala letu la chakula, na kwa kuwa mafunzo mnayopewa siku hizi ni ya nusu siku pamoja na soda. Nitaandika. Lakini nawaonya mapema kwamba sehemu ya habari hii haihusu panya, na hiyo ndiyo iliyonikalisha wiki tatu mbele ya daftari bila kuandika neno.

Nilifika Goma kwa meli kutoka Bukavu, nina shati jeupe na diploma, natafuta ukarani. Sisi watu wa upande ule tunasemwa kwamba tunapenda kalamu kuliko jembe, na sikuwa na nia ya kuwakanusha wanaosema. Chef, yaani mkuu, wa depo wa wakati ule aliniuliza kama kuna kitu ninachokiogopa. Kwa ujinga wa ujana nikajibu hakuna. Akafunga faili yangu, akasema nafasi ya karani imeshapata mtu, ila kuna kazi nyingine inayomtaka mtu asiyeogopa. Ndivyo nilivyokabidhiwa kwa muzee Kambale.

Kambale alikuwa mtu wa Butembo, mfupi, mkavu, aliyezeekea kwenye maghala ya kahawa kabla ya kuja kwetu. Hakunisalimia. Alinipeleka mwisho wa depo, mahali magunia ya maharage yalipopangwa hadi karibu na mabati, akageuza ndoo tupu chini juu na kunionyesha.

"Kaa."

"Nifanye nini, muzee?"

"Ukae. Uangalie. Hapana kuniuliza kitu mupaka samedi."

Nilikaa siku sita juu ya ndoo. Depo yetu, mnavyoijua, haina madirisha ya maana. Hata mchana ndani kuna kiza. Saa sita wabebaji wakitoka kwenda kula na mlango ukisukumwa, kelele zikikatika, panya wanatoka. Wanatoka sakafuni kwenyewe. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya volkeno, na chini ya kila nyumba kuna nyufa ambazo hakuna simenti iliyowahi kuzimaliza. Fundi akiziba upande mmoja, wao wanapitia mwingine. Kambale alikuwa akisema kwamba panya wa Goma ndiye mwenye kiwanja halali peke yake, sisi wengine tunagombana tu juu ya karatasi.

Samedi, yaani Jumamosi, alikuja akasimama mbele yangu. "Umeona nini?"

Nikamwambia nimeona panya wengi wanakula maharage. Alinitazama kwa huruma. Akachukua vikombe viwili vya maharage mazuri, akavimwaga katikati ya sakafu, mahali pa wazi. Kisha akamwaga konzi moja ya mahindi yaliyooza kwenye kona, ukutani. Tukangoja. Panya walitoka, wakafuata ukuta kwa masharubu yao, wakafika kwenye mahindi yaliyooza, wakala. Yale maharage mazuri, hatua nne tu kutoka pale, hakuna aliyeyagusa. Mmoja alisimama ukingoni mwa pale pa wazi, akanyoosha pua, akarudi.

"Ayuko mujinga," Kambale akasema. "Anajua ile kitu ni nzuri. Lakini pale katikati atakufa, na hapa kwa kona atakula vibaya na atabakia. Anapima. Kila siku anapima. Weye ukitaka kumukamata, ujue kipimo yake."

Hiyo ndiyo kazi yote, vijana. Mengine ni mapambo. Panya akitafuta chakula hatafuti kilicho kitamu zaidi. Anatafuta kile ambacho akikipata atarudi nyumbani. Punje ndogo anaila palepale. Punje kubwa, inayochukua muda kutafuna, anaibeba hadi mahali penye kifuniko, kwa sababu kula ni kugeuza mgongo na kila dakika ya kugeuza mgongo ina hatari yake. Rundo likianza kupungua haling'ang'anii hadi punje ya mwisho. Analiacha mapema, anahamia jingine, maana kutafuta vilivyobaki kunamchosha kuliko vinavyomshibisha. Nimeona panya wakifanya hesabu hizi vizuri kuliko baadhi ya machef niliowatumikia.

Kitu kipya anakiogopa. Ukiweka sanduku mahali ambapo jana hapakuwa na sanduku, atalizunguka siku mbili, tatu, nne. Akikubali kuingia ataonja kiasi cha kucha, kisha ataondoka na kungoja. Tumbo likimuuma, hatarudi tena maisha yake yote, na wenzake wakinusa mdomo wake hawatakigusa. Asipoumwa, kesho anaonja zaidi. Kwa hiyo mtu anayeweka sumu siku ya kwanza anawafundisha panya kukataa sumu. Wengi wenu mnafanya hivyo, nimewaona.

Kambale alinifundisha njia ndefu. Masanduku ya mbao yenye tundu mbili, yaliyopangwa ukutani na kupewa namba. Siku saba ndani yake unaweka chakula safi: unga wa mahindi uliokandwa kwa mafuta ya mawese, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu waliosagwa. Sambaza nilikuwa nawafuata mwenyewe soko la Kituku kwa mama mmoja aliyedhani nafuga kuku. Siku ya nane, chakula kilekile, harufu ileile, lakini sasa kina sumu, ile isiyoumiza tumbo, inayofanya kazi polepole kwa kuzuia damu isigande. Panya anakufa baada ya siku nyingi, huko ndani ya nyufa, na hakuna mwenzake anayejua amekufa kwa nini.

Mbele ya kila sanduku Kambale alipepeta majivu ya makala, yaani mkaa, kwa wembamba wa karatasi. Asubuhi anapiga magoti na tochi, anasoma nyayo: wangapi, wakubwa au wadogo, nani amevuta mkia, nani amesita mlangoni. Tena alikuwa na desturi moja ambayo niliirithi pamoja na ndoo. Kila alipokanda chakula safi, alichovya kidole akalamba.

"Kama weye haiwezi kukula, panya njo atakula?" aliniuliza siku niliyokunja uso. "Mafuta ikichacha, anajua mbele yako. Lamba."

Nikalamba. Kusema kweli kilikuwa kitamu. Wabebaji wakipita na njaa zao walikuwa wakinitania, "Papa Deo, unapikia nani leo?" Nami nawajibu, "Nawapikia wakubwa wenu."

Kambale alistaafu akarudi Butembo, na baadaye tulisikia amefariki. Hatukupata hata njia ya kwenda mazikoni kwa sababu ya barabara. Nilimsomeshea misa, nikaendelea na kazi peke yangu kwa miaka mingi, na sitawachosha kwa kusimulia kila rundo la magunia. Nitataja tu panya mmoja wa rundo la tisa aliyekula magunia kwa chini, akayaacha yamesimama kama yamejaa. Tuligundua siku mbebaji alipoegemea na rundo zima likamwangukia. Hakuumia, alicheka, nasi tukacheka. Ilikuwa miaka mizuri, ingawa wakati ule tuliiona mibaya.

Halafu wakaja watu. Mnajua ninachosema, baadhi yenu mlikuwa miongoni mwao. Vijiji vizima vilishuka kutoka Masisi na Rutshuru vikikimbia vita, na godoro kichwani, na kila kipande cha mawe kuzunguka mji kikaota vibanda vya shitingi, yale maturubai ya plastiki. Depo ilijazwa hadi mlangoni, ikamwagwa, ikajazwa tena. Malori yakawa mengi, magunia yanapasuka, na punje zikabaki kila mahali. Ndipo chef akaruhusu wanawake wa kufagia. Hawakuwa na mkataba. Kazi yao ilikuwa kufagia chini ya malori na kati ya marundo, na walichofagia kilikuwa chao: maharage, mahindi, mchanga na mavi ya panya, vyote pamoja. Wanapepeta, wanaosha, wanapika.

Mama Asifiwe alikuwa mmoja wao, na tangu siku ya kwanza nilimpenda kwa jinsi alivyofagia. Wengine walikimbilia katikati, mahali punje zilipoonekana. Yeye alianzia ukutani, polepole, akifuata kona, kwa sababu alishagundua kwamba ufagio wa wengine unasukuma punje kuelekea huko. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mwembamba, mtu wa milima ya Masisi. Alipanga chumba cha mbao huko mtaa wa Katoyi akikaa na mama yake mzazi. Mume alibaki njiani, na sikuwahi kumwuliza alibaki vipi.

"Papa Deo," aliniambia siku moja, "hawa panya wako wanakulaka muzuri kupita sisi."

"Wao wako na mkataba," nikamjibu. Alicheka. Mimi pia nilicheka, na nataka mjue kwamba nilicheka.

Mwaka ule panya walizidi. Chakula kilikuwa kingi sakafuni hata masanduku yangu hayakuwashawishi. Kwa nini aingie ndani ya sanduku geni wakati sakafu nzima ni meza? Nikaamua kufanya njia ndefu kama Kambale, siku saba kamili, na sambaza wengi kuliko kawaida ili harufu ishinde. Nikaweka masanduku kumi na mbili ukutani. Na hapa nikafanya kosa langu la kwanza, ambalo lilionekana kama uangalifu. Karatasi za fuvu na neno SUMU nilizibandika tangu siku ya kwanza, wakati masandukuni mlikuwa na chakula safi tu. Niliona ni kujipunguzia kazi. Nisingehitaji kuzunguka tena na gundi siku ya nane. Na kila asubuhi, mbele ya karatasi hizo, nilikanda chakula na kulamba kidole.

Siku ya tatu sanduku namba sita lilikuwa limeliwa. Mengine yalikuwa hayajaguswa, au yameonjwa kidogo. Siku ya nne namba sita lilikuwa limeliwa zaidi, siku ya tano lilikuwa tupu. Nilifurahi. Nilipopiga magoti kusoma majivu, sikuona nyayo, kwa sababu majivu hayakuwapo. Yalikuwa yamefagiwa safi, kwenye sanduku lile peke yake. Nikasema, huyu Mama Asifiwe na kuta zake! Nikapepeta mengine. Kesho yake yamefagiwa tena. Kambale alinifundisha kusoma kila alama iliyoko kwenye majivu, na mimi sikujiuliza kwa nini alama zote hazipo.

Siku ya nane nikaweka sumu. Sumu ile ina rangi ya buluu, imetiwa makusudi ili mtu aione, lakini ndani ya mawese inageuka kahawia tu, kama mchuzi uliolala. Sikulamba siku hiyo. Sikumwambia mtu kwamba leo ndiyo leo. Karatasi zilikuwapo ukutani wiki nzima, nikaona zinatosha. Nilijaza masanduku kila baada ya siku mbili, na namba sita ndiyo niliyoijaza zaidi.

Ijumaa ya wiki ya pili ya sumu, saa sita mchana, nilimkuta Mama Asifiwe kwenye bomba la uani akisukutua. Maji aliyotema yalikuwa mekundu. Akatema tena, mekundu.

"Ni nini, mama?"

"Jino, Papa. Tangu juzi. Na miguu inakuwa na alama alama, sijue ni nini." Alipandisha kitenge kidogo akanionyesha muundi. Ulikuwa na madoa ya zambarau, makubwa kama sarafu. Akaongeza bila wasiwasi, "Hata mama kule nyumbani, pua inamutoka damu. Ni hii mavumbi ya volkano."

Nilimwambia pole. Nikaingia ndani, nikaenda moja kwa moja hadi namba sita, nikainua kifuniko. Miaka yote hiyo nimeona meno ya panya kwenye chakula. Yanaacha mifereji miwili midogo, sambamba. Pale hapakuwa na mifereji. Palikuwa na alama ya kijiko.

Nilijua. Sitaki yeyote kati yenu aseme Papa Deo alishuku, au alikuwa na wasiwasi. Nilijua saa ileile, nikiwa nimepiga magoti, na kifuniko mkononi. Nilimwaga chakula cha namba sita ndani ya ndoo, nikaifunika. Halafu nikasimama nikaanza kupima. Nikisema, ni nani atakayeulizwa? Mwenye ndoo. Ni nani aliyebandika karatasi za uongo siku saba? Niko karibu na kustaafu, nina wajukuu wanaokula kwangu, na mji huu ulikuwa umejaa watu wanaongojea nafasi yangu. Na labda ni jino kweli. Na wameacha kula sasa, sanduku ni tupu. Nikajiambia nitaangalia Jumatatu. Kama hali ni mbaya nitasema. Niliufuata ukuta wangu, nikarudi nilikotoka.

Jumamosi sikwenda popote. Jumapili nilikwenda misa, nikakomunika. Mke wangu aliniuliza mezani kwa nini nasukumasukuma bugali na kuuacha. Nikamwambia ni uchovu.

Jumatatu Mama Asifiwe hakuja. Nilingoja hadi saa mbili, nikachukua moto, pikipiki ya abiria, hadi Katoyi, nikauliza mlango kwa mlango hadi nikafika kwenye mbao zake. Nje palikuwa na wanawake wamekaa juu ya mawe. Mama yake alikuwa amefariki Jumapili jioni. Kila kilichomtoka kilikuwa damu, wanawake wakaniambia, na wakasema ni maralia mbaya. Mama Asifiwe mwenyewe alikuwa amelala ndani ubavuni mwa maiti, midomo imekauka na kuwa myeusi, kitambaa puani.

Nilimbeba. Kwenye moto tulikaa watatu, yeye katikati yangu na dereva, na hospitalini nilisema yote: sumu gani, kiasi gani, tangu lini. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kutolala. Alipiga kelele iletwe vitamini K na damu. Kisha akanigeukia.

"Papa, ulijua lini?"

"Leo," nikasema. "Asubuhi hii."

Akaandika. Nilimwona akiandika.

Alipona. Wiki nzima alikuwa na sindano mkononi, na siku ya nne alipoweza kukaa, alinishika mkono akaanza kulia. Nilidhani ameshajua. Nikajiandaa.

"Unisamehe, Papa Deo. Niliiba chakula ya mapanya."

Akanieleza pole pole. Aliona karatasi za fuvu, na anajua kusoma. Lakini aliniona nikilamba. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafikiri karatasi ni ya kutisha wezi tu, kama wanavyoandika mbwa mkali mahali pasipo na mbwa. Hata hivyo hakukimbilia. Alichukua kijiko kimoja akala peke yake, akangoja usiku kucha aone kama tumbo litamwuma. Halikumwuma. Kesho yake vijiko viwili. Siku iliyofuata ndipo alipompelekea mama yake, kwa sababu kilikuwa na samaki, na mama yake hakuwa ameonja samaki tangu watoke nyumbani. Majivu alifagia mwenyewe ili kufuta alama ya magoti.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Mwanamke huyu alifanya kila kitu ambacho nimewaandikia hapo juu. Alifuata ukuta, alionja kidogo, alingoja, alirudi. Hakukosea hata hatua moja. Mimi ndiye niliyemfundisha kwa siku saba kwamba pale ni salama, kwa ustadi wangu wote.

"Unisamehe," akasema tena.

Na mimi nikamjibu, "Nimekusamehe, mama."

Depo iliandika ajali. Wanawake wa kufagia walikatazwa kuingia. Ndiyo dawa iliyopatikana, na walioumia zaidi kwa dawa hiyo hawakuwa panya. Mimi niliachwa na kazi yangu. Mama Asifiwe aliuza makala Katoyi, na kila aliponiona aliwaambia watu, huyu ndiye papa aliyenibeba mgongoni. Sikumbeba mgongoni, ilikuwa moto, lakini yeye anakumbuka mgongo. Mwaka jana aliniletea kuku siku ya Noeli. Tulimla. Mke wangu alisema ni mnono, nami nilitoka nje nikatapika, nikasingizia pilipili.

Basi, kwa ajili ya kazi: karatasi ya sumu iwekwe siku ya sumu, na itolewe siku ya kutoa sumu, ili isizoeleke. Masanduku yafungwe kwa kufuli. Msilambe kitu chochote mbele ya mtu mwenye njaa. Ukikuta majivu yamefagiwa, muulize aliyefagia, na umuulize kwa upole, umekaa chini. Na ukiona damu kwenye fizi ya mtu yeyote anayeingia depo, usimalize hata kusema pole, mbebe. Panya anaweza kungoja aone. Anangoja kwa gharama ya tumbo lake mwenyewe.

Nilipofika hapa katika kuandika, niliona siwezi kuwapa ninyi kurasa hizi kabla yake. Juzi nilikwenda Katoyi. Alinikaribisha kwenye kiti cha plastiki, akanipa chai, akaniuliza habari za mama wa nyumbani na za kustaafu. Nikamwambia nimekuja kusema jambo. Nikasema yote, Ijumaa, alama ya kijiko, ndoo, Jumamosi, misa, na nilivyomdanganya daktari. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa makala, ameiweka magotini.

Akaniuliza, "Ile vendredi ya jino. Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa sita."

"Ya muchana?"

"Ya mchana, mama."

"Saa kumi na mbili ya jioni mama alikuwa anakaa hapa pa mulango," akasema. "Alikuwa na nguvu kidogo. Alikula ile samaki ya depo yenye ilibakia. Akaomba nimuongeze, nikamuongeza." Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Kutoka depo mupaka hapa ni dakika ngapi?"

"Kwa miguu, trente minutes, nusu saa."

Aliitikia kwa kichwa. Akainuka, akachukua kikombe mkononi mwangu kikiwa bado na chai, akaingia nacho ndani na kufunga mlango.